Shule Ipi Bora Katika Halmashauri Yenu? Jedwali la GPA Halitoshi Kujibu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, haipiti siku mbili kabla jedwali halijaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mtu amekesha akifungua ukurasa wa kila sekondari ya serikali katika halmashauri yake, amenakili GPA ya kila shule, yaani wastani wa matokeo yake, na kuzipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kufika asubuhi, mkuu wa shule iliyoshika mkia anapigiwa simu na diwani, na wazazi ambao watoto wao wameripoti hapo kidato cha kwanza wiki chache tu zilizopita wanaulizana uhamisho unaombwaje.

Dada yangu alinitumia jedwali la namna hiyo. Mwanawe alikuwa amepangiwa shule ya kata iliyoangukia nafasi ya kumi na moja kati ya kumi na nne. Chini yake aliandika maneno mawili: "Kaka, tumhamishe?" Nimeshika chaki miaka mingi kwenye shule za aina hiyo, kwa hiyo alitegemea jibu la haraka. Lilinichukua jioni nzima, maana ilibidi kwanza tulifumue jedwali lenyewe.

Kulinganisha shule za halmashauri moja si kosa. Kuna mantiki zaidi kuliko kulinganisha shule ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam, na ya Kakonko, kule Kigoma. Shule za halmashauri moja zinafanya mtihani mmoja, ziko chini ya mkurugenzi mmoja na Afisa Elimu Sekondari mmoja, ruzuku inagawiwa kwa kanuni moja, na walimu wanatoka kapu moja. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa kidato cha kwanza hadi cha nne, hata ile tofauti ya shilingi 20,000 kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa ya bweni haipo tena. Hayo yote yakishakuwa sawa, tofauti inayobaki inatoka mahali pachache: nani anaingia, nani anafundisha, mtoto anatembea umbali gani, na mkuu wa shule ni mtu wa namna gani. GPA imeyapika yote hayo kwenye sufuria moja. Ukiionja huwezi kujua chumvi iliwekwa na nani.

Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe lilishaacha kuzipanga shule. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya mwaka 2022, halikutangaza shule kumi bora wala kumi za mwisho, likisema hakuna tija. Naunga mkono uamuzi ule, ila uliacha pengo. Takwimu za kila shule bado ziko wazi mtandaoni, watu wana simu, na hakuna aliyewaelekeza namna bora ya kuzisoma. Ndiyo maana majedwali ya usiku hayajaisha.

Walioingia

Chukua Manispaa ya Tabora. Kuna Tabora Wavulana, shule iliyoanza enzi za Waingereza miaka ya 1920, ambako Julius Nyerere alisoma kuanzia 1937. Kuna na Tabora Wasichana. Zote mbili zimo kwenye kundi la shule za vipaji maalumu pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Ni za bweni, na kidato cha kwanza chake hakitoki Tabora peke yake: wanakuja watoto wa nchi nzima waliokaa juu kabisa kwenye mtihani wa darasa la saba. Ndani ya manispaa hiyohiyo kuna shule za kata za kutwa, ambazo hupokea watoto wa mitaa inayozizunguka. Ukipanga shule za manispaa kwa GPA, haishangazi shule ya vipaji kukaa juu. Imepewa watoto waliokwisha kuchujwa.

Tazama mchujo huo unavyofanya kazi. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Mwenye 241 na kuendelea ana daraja A. Mwenye 121 ana C, na yeye pia amefaulu na anapangiwa sekondari. Hivyo mtoto wa alama 280 na mtoto wa alama 125 wote wanaitwa "waliochaguliwa", wote wanashonewa sare na kununuliwa madaftari, lakini hawaanzii mstari mmoja. Kisha kinakuja kikwazo cha lugha. Wengi wao wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza wanakuta Bayolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Shule huwapa wiki chache za kuwaandaa. Kwa mtoto wa 280 huenda zikatosha. Kwa wa 125, nimeona wanaofika kidato cha tatu bado wananakili ubaoni maneno wasiyoweza kuyatamka.

Basi unapokuta shule ya vipaji au shule ya bweni ya kitaifa ndani ya halmashauri yenu, iondoe kwanza kwenye jedwali. Haishindani na shule ya kata.

Baada ya kuiondoa, shule za kata zenyewe nazo hazilingani. Kata ya mjini kati inalishwa na shule za msingi zenye walimu wa kutosha. Kata ya pembezoni inalishwa na shule ya msingi ambayo mwalimu mmoja anashika madarasa mawili. Upo pia mkasa unaokwenda kinyume: kata yenye wazazi wenye uwezo huwapoteza watoto wake bora, kwa kuwa wazazi hao huwapeleka shule binafsi na seminari, na shule ya kata inabaki na waliosalia. Nimewahi kuona kata maskini ikiipita kata tajiri kwa sababu hiyo, watu wakadhani ni muujiza.

Habari njema ni kwamba walioingia wanaweza kuonekana. Matokeo ya darasa la saba ya kila shule ya msingi yako wazi pia. Fungua yale ya shule zinazolisha kata husika, ya mwaka ambao kidato cha nne hiki kilikuwa darasa la saba. Waliofanya kidato cha nne 2024, kwa mfano, walimaliza la saba 2020 na walifanya upimaji wa kidato cha pili 2022. Hapo una alama tatu za njiani kwa kundi lilelile la watoto.

Alama hiyo ya katikati naithamini kuliko zote. Upimaji wa kidato cha pili unafanyika mtoto akiwa tayari ndani ya shule, akiwa amekwisha kupigwa na wimbi la Kiingereza. Tuseme shule moja kidato cha pili ilikuwa na GPA ya 4.3, na watoto wale wakatoka kidato cha nne na 3.9. Shule ya jirani ilikuwa na 3.5, ikatoka na 3.6. Jedwali la Januari litaiweka ya pili juu. Lakini zote mbili zilifanya mitihani ileile, miaka ileile, na moja ilipanda wakati nyingine imeteleza. Mimi mtoto wangu ningempeleka ile iliyopanda, au walau ningekwenda kuuliza wanafanya nini pale.

Nambari zenyewe

Hapo juu pengine umeshangaa kuona 3.9 ikiitwa kupanda kutoka 4.3. Ni mahali ambapo hata watu wasomi hupotea, kwa sababu chuo kikuu GPA kubwa ndiyo nzuri. Kwenye matokeo ya sekondari ni kinyume. A ina thamani ya 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na GPA ya shule ni wastani wa thamani hizo. Ndogo ndiyo bora. Shule yenye 2.1 imefanya vizuri sana, yenye 4.4 iko taabani.

Halafu lipo neno "ufaulu". Shule inajitangaza: ufaulu asilimia 92. Watu wanapiga makofi. Lakini aliyefaulu ni nani? Divisheni hupatikana kwa kujumlisha thamani za masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni ziro. Sasa piga hesabu ya mtoto mwenye D mbili na F tano. D mbili ni 8, F tano ni 25, jumla 33. Ana divisheni ya nne. Kwenye takwimu za shule huyo amefaulu, anahesabiwa sawa na mwenye pointi 7. Na D yenyewe inaanzia alama 30 kati ya 100. Mtoto aliyepata 30 kwenye Kiswahili na 31 kwenye Uraia, kisha akaanguka kila mahali pengine, yumo ndani ya ile asilimia 92.

Simdharau mtoto huyo hata kidogo; nimewafundisha, na baadhi yao leo ni mafundi hodari. Ninachokataa ni shule kujificha nyuma yao. Ukitaka kujua shule inawafikisha watoto wapi, acha asilimia ya ufaulu, hesabu divisheni ya kwanza hadi ya tatu. Hao ndio walio karibu na mlango wa kidato cha tano, maana kule kunatakiwa C za masomo ya tahasusi, yaani yale ambayo mtoto atayasoma huko. Shule mbili zenye ufaulu wa 90 zinaweza kutofautiana vibaya sana hapo: moja ina watoto 50 katika madaraja matatu ya juu, nyingine ina sita, waliobaki wote wamerundikana divisheni ya nne.

Angalia pia ukubwa wa shule. Kama watahiniwa ni 28, watoto watatu wakiugua au wakijitahidi kuliko kawaida, GPA inaruka. Zamani Baraza, lilipokuwa bado linapanga nafasi, lilizitenga shule zenye watahiniwa wachache na zile zenye 40 au zaidi, na lilikuwa na haki. Majedwali ya WhatsApp yanazichanganya zote. Kwa shule ndogo soma miaka mitatu au minne kwa pamoja kabla ya kuisifu au kuilaani.

Ukirudi nyuma miaka mingi zaidi, jihadhari na kipimo kilichobadilika. Matokeo ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa na ziro nyingi kiasi kwamba serikali iliunda tume, yakafutwa na kupangwa upya. Karatasi za watoto zilikuwa zilezile. Matokeo ya 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa pointi bila divisheni, na divisheni zikarudi katika matokeo ya 2015. Anayekuonyesha kwamba shule fulani "imepanda tangu 2012" anapima kitambaa kwa futi mbili tofauti.

Waliopotea njiani

Hapa ndipo jedwali linapokosa haki kabisa, na ndipo ningependa kila mzazi na kila mjumbe wa bodi ya shule akae muda mrefu.

Ufaulu huhesabiwa kwa waliofanya mtihani. Mtoto aliyeacha shule kidato cha pili hayumo. Aliyepata mimba kidato cha tatu na hakurudi hayumo, ingawa tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana warudi baada ya kujifungua. Aliyekwenda machimboni, aliyepelekwa kuchunga, aliyechoka kutembea, wote hawamo. Shule ikipoteza theluthi ya watoto wake, na theluthi hiyo kwa kawaida ni ya waliokuwa wakisuasua, wastani wake unapendeza.

Tuweke hesabu ya mfano. Shule ya kwanza ilipokea kidato cha kwanza watoto 240. Miaka minne baadaye waliokaa kwenye chumba cha mtihani ni 155, na waliofaulu ni 143. Ufaulu asilimia 92. Shule ya pili ilipokea 150, wakafanya mtihani 135, wakafaulu 115. Ufaulu asilimia 85. Kwenye jedwali ya kwanza inashinda. Sasa gawanya waliofaulu kwa walioingia. Ya kwanza inakuwa asilimia 60 kasoro kidogo. Ya pili inakaribia 77. Kwa mzazi anayejiuliza "mwanangu akiingia hapa, ana nafasi gani ya kutoka na cheti?", hesabu ya pili ndiyo inayomjibu.

Hesabu hiyo si safi kabisa. Watoto huhama, wengine huhamia, na anayeshindwa upimaji wa kidato cha pili hukariri darasa, kwa hiyo anatokea na kundi la mwaka unaofuata. Lakini upungufu wa watoto 85 hauelezwi na uhamisho peke yake. Mkuu wa shule anayejua kazi yake atakuambia kila mmoja alikwenda wapi. Nimefanya kazi chini ya mkuu mmoja aliyekuwa na daftari la kaunta la watoro, jina, mtaa, jina la mlezi, siku aliyotumwa mwalimu kwenda nyumbani na jibu alilorudi nalo. Shule yetu ilikuwa ya chini kwenye GPA mwaka ule, na kwa sehemu ilikuwa ya chini kwa sababu ya daftari lile: watoto ambao shule nyingine zingewaachia wapotee, sisi tuliwarudisha darasani, wakafanya mtihani, wakapata divisheni ya nne na ziro. Jedwali lilituadhibu kwa kuwatafuta.

Unaweza kuupata upungufu huu ukiwa nyumbani. Ukurasa wa matokeo wa kila shule unaonyesha waliosajiliwa, wasiokuwepo na waliofanya. Chukua waliosajiliwa upimaji wa kidato cha pili, linganisha na waliosajiliwa kidato cha nne miaka miwili baadaye. Kisha tenganisha wavulana na wasichana, maana ukurasa umewatenganisha tayari. Shule ambayo wavulana wamepungua kidogo na wasichana wamepungua nusu inakuambia jambo kuhusu njia ya kwenda shuleni, na huhitaji kuambiwa mara mbili.

Somo kwa somo, mwalimu kwa mwalimu

Telezesha ukurasa ule hadi chini. Kuna orodha ya masomo na jinsi kila somo lilivyofanya. Watu wengi hawafiki huko, na mimi huanzia huko.

Kiswahili kwa kawaida kitakuwa kizuri, karibu kila shule. Hisabati itakuwa mbaya, karibu kila shule ya kata. Kitaifa kwa miaka mingi aliyefaulu Hisabati amekuwa takribani mmoja kati ya watano, na hata ilipopanda karibuni imefika robo. Kwa hiyo shule ya kata ambayo Hisabati imefaulu nusu ya watoto, simama hapo. Kuna mwalimu pale. Siyo mfumo, ni mtu, ana jina, na pengine ana vipindi vingi kuliko wenzake wote.

Kwenye Fizikia na Kemia usitazame asilimia kabla ya kutazama idadi. Katika mtaala ambao wengi tumeuzoea masomo ya lazima ni saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Bayolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia mtoto anaweza kuyaacha akiingia kidato cha tatu. Shule yenye watahiniwa 140 inaweza kuwa na tisa tu wa Fizikia, wote wamefaulu, asilimia mia. Maana yake ni kwamba watoto 131 mlango wa uhandisi, udaktari na ufundi wa juu ulifungwa wakiwa na miaka kumi na sita, na wengi wao hawakuufunga wenyewe. Hawakuwa na mwalimu.

Na hapa ndipo halmashauri inapoingia. Madarasa si tatizo kama yalivyokuwa. Fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 zilijenga vyumba 12,000 vya sekondari nchi nzima, na maabara zilishakimbizwa tangu amri ya kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu. Ninazijua maabara hizo: nyingine zina gesi na maji, nyingine zina kufuli lenye kutu na viti vibovu ndani. Lakini jengo ni jengo. Kinachotofautisha shule mbili za halmashauri moja leo ni walimu, na walimu ndani ya halmashauri hugawiwa na halmashauri.

Mwalimu anaajiriwa na kupangiwa halmashauri. Shule ipi atakwenda, mara nyingi hilo linaamuliwa huko. Ndivyo inavyotokea shule ya mjini, penye lami na umeme, ikawa na walimu wa Historia na Kiswahili wanaogawana vipindi mpaka kila mmoja ana vichache, huku shule ya kilomita arobaini kutoka hapo ina walimu saba kwa jumla na mmoja wao, wa Jiografia, anafundisha Hisabati kwa kujitolea. Wapo wanaobaki mjini kwa ugonjwa, wapo waliofuata wenza wao, na sababu nyingi ni za kweli. Ila jumla yake inamwangukia mtoto wa pembezoni. Kuna neno la kiofisi la kurekebisha hili: msawazo wa walimu. Kila Afisa Elimu analijua. Jedwali la GPA likisomwa vizuri ni ripoti ya namna msawazo ulivyofanyika au kutofanyika, na kwa hiyo lawama zake si za mkuu wa shule peke yake.

Ukienda shuleni, ofisi ya walimu ina ratiba kubwa ukutani. Iangalie. Vipindi visivyo na jina la mwalimu vinaonekana kwa macho. Halafu omba, kwa adabu, daftari la Fizikia au Hisabati la mtoto wa kidato cha pili, mtoto yeyote. Usisome maswali, soma tarehe. Machi 4, Machi 6, Machi 11, halafu Aprili 22. Hapo katikati hapakuwa na mwalimu. Hakuna takwimu ya Baraza itakayokuonyesha wiki sita hizo, na daftari la shilingi elfu moja limeziandika.

Njia, njaa na geto

Mtoto anayetembea saa mbili kwenda shule anafika kipindi cha kwanza kimekwisha na kichwa kimechoka. Wengine wazazi huwapangishia chumba karibu na shule, wenyewe wanakiita geto, mtoto wa miaka kumi na tano anajipikia, anajilinda, na akiwa msichana anajilinda zaidi. Hosteli ikiwepo, hata ya mabweni mawili, matokeo ya wasichana yanabadilika. Chakula cha mchana vilevile: shule ambayo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage ina vipindi vya mchana vyenye watoto, na ambayo haina chakula ina madawati matupu ifikapo saa nane. Shule mpya zilizojengwa kwa SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, zimefupisha njia katika kata nyingi, na nazipenda kwa hilo, ila usizilinganishe mapema. Shule ambayo ndiyo kwanza imefikisha kidato cha nne ina kundi dogo na walimu wageni. Matokeo yake ya kwanza hayasemi mengi.

Jibu nililompa dada

Uhamisho upo. Ndani ya halmashauri moja unaombwa kupitia wakuu wa shule zote mbili na ofisi ya Afisa Elimu, na unategemea nafasi. Lakini anayehama ni mtoto mwenye mzazi wa kufuatilia. Anayebaki ni yule mwingine, na shule inakuwa nyepesi zaidi kwa kumpoteza mzazi aliyekuwa akiuliza maswali.

Tulifungua kurasa za shule yake na za ile iliyoshika nafasi ya tatu, aliyotaka kumhamishia. Ya tatu ilikuwa imepoteza watoto wengi kati ya kidato cha pili na cha nne. Yake ilikuwa karibu imewabakiza wote. Hisabati zilikuwa sawa, mbaya kotekote. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha shule ya tatu. Fizikia, ya tatu ilikuwa na watahiniwa wengi, yake wanne. Umbali, dakika ishirini kwa miguu dhidi ya daladala mbili kila asubuhi. Nikamwambia: hapa una shule inayoshika watoto na isiyo na mwalimu wa Fizikia. La kwanza huwezi kulinunua, la pili linaweza kudaiwa.

Kwenye kikao cha wazazi cha Machi alisimama na karatasi. Hakuuliza kwa nini tumekuwa wa kumi na moja. Aliuliza shule zilizo kilomita tano kutoka hapo zina walimu wangapi wa Fizikia, na kama bodi imeshaandika barua ya kuomba mmoja. Barua haikuwa imeandikwa. Iliandikwa wiki ile, diwani akaipeleka kwenye baraza la madiwani, na muhula wa pili akaja mwalimu anayegawana siku kati ya shule mbili: Jumatatu, Jumatano na nusu ya Ijumaa.

Mtoto hakuhama. Kila mwisho wa wiki dada hunitumia picha za daftari lake la Fizikia, nami kabla sijasoma alichoandika huangalia tarehe.